Mafunzo ya skii kwa familia ya Mombasa: chagua mwalimu kabla ya mlima

Wengi wetu tukiamua kuwapeleka watoto kwenye theluji huanza na picha za hoteli, kisha tiketi ya ndege, na tukishafika huko ndipo tunauliza nani atatufundisha skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili miguuni. Mpango huo uko kichwa chini miguu juu. Hoteli ikiwa mbovu utavumilia, kwani ni pa kulala tu. Darasa likiwa bovu, mtoto ataketi kwenye theluji siku ya pili na kukataa kuinuka, na wewe utakuwa umelipa nauli ya watu watano kwenda kutazama milima. Kwa hivyo hapa tutaanza na mafunzo, mengine yatafuata.

Na mjomba akisema hayo si mambo ya Wakenya, mkumbushe Philip Boit, aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akakaa kumngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Miaka 20 baadaye, kule PyeongChang, Sabrina Simader alishuka milima akiwa amevaa rangi za Kenya.

Likizo ndiyo itakayochagua mlima

Shule zetu hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Theluji nayo ina ratiba yake, na mtu wa Pwani anaweza kuikumbuka kwa pepo anazozijua.

Kusi ikivuma, kati ya Juni na Agosti, ndipo baridi inapotanda kusini mwa Afrika. Lesotho ina kituo kinachoitwa Afriski, kwenye njia ya mlima ya Mahlasela, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mteremko wake mkuu ni wa kilomita moja hivi na sehemu kubwa ya theluji hutengenezwa kwa mashine. Aliyezoea Alps, milima ya Ulaya, atapaona padogo. Anayeanza hahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu siku tatu za mwanzo atazimaliza kwenye kipande cha mteremko kisichozidi urefu wa uwanja wa mpira. Unaruka hadi Johannesburg, kisha ni mwendo wa gari wa karibu saa tano. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Masharti ya kuingia Lesotho yathibitishe kabla ya kulipa chochote. Lenga wiki mbili za mwanzo za Agosti. Ukingoja mwisho wa mwezi, msimu unakuwa unafungwa.

Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, theluji iko Ulaya na Uturuki, na hapo ndipo likizo yetu ndefu inapotupa nafasi ambayo Wazungu wenyewe hawana. Wiki mbili za mwanzo za Desemba watoto wao bado wako shuleni. Miteremko ni mitupu na bei ziko chini. Ila kuna mitego miwili. Kwanza, vituo vya chini vinaweza kuwa na nyasi badala ya theluji, kwa hiyo tafuta vilivyo juu: Val Thorens nchini Ufaransa, kijiji kilicho mita 2,300, au Zermatt ya Uswisi, au Obergurgl ya Austria. Pili, shule nyingi za skii hazianzi madarasa ya vikundi vya watoto mpaka wiki ya Krismasi. Mlima unaweza kuwa umefunguliwa, theluji ipo, na darasa la mwanao halipo. Waulize kwa maandishi tarehe ya kuanza.

Kati ya Krismasi na mwaka mpya kila kitu kipo, na kila mtu yupo. Ukitaka wiki hiyo, nafasi za darasa zishike Septemba, usichelewe kupita Oktoba. Aprili inawezekana kwenye vituo vya juu, lakini jua la mchana huigeuza theluji kuwa uji, basi chukua darasa la asubuhi.

Uturuki naipendekeza kwa familia za Kiislamu ambazo hazitaki kuhangaika na chakula. Uludağ iko karibu na Bursa, Erciyes iko karibu na Kayseri, na zote mbili zina shule za skii. Theluji yao ni ya kuaminika zaidi Januari na Februari, kwa hivyo likizo ya Desemba isogeze ielekee mwaka mpya.

Dubai ni pa kupimia

Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, imefunguliwa tangu 2005. Ni jumba lenye miteremko mitano, mrefu kuliko yote ukiwa na mita 400, na baridi yake hushuka chini kidogo ya sifuri mwaka mzima. Familia nyingi za Mombasa zina shangazi au ndugu Dubai na hupita huko hata hivyo. Sioni busara ya kulipia wiki nzima Alps kwa mtoto ambaye hajui hata kama ataipenda baridi, iwapo darasa moja la Dubai linaweza kukupa jibu.

Angalia unachonunua. Tiketi ya bustani ya theluji, yenye michezo na pengwini, si tiketi ya skii. Na tiketi ya miteremko haiuzwi kwa mtu asiyejua kusimama na kugeuka. Anayeanza lazima achukue somo. Tafuta tiketi iliyoandikwa wazi kuwa ni somo la wanaoanza, usome kama koti, suruali, viatu na mbao zimo, na uulize kuhusu glavu.

Ijue familia yako kabla ya kujaza fomu

Afya kwanza, na hili halina mzaha. Ugonjwa wa selimundu uko sana huku Pwani. Baridi kali na hewa nyepesi ya milimani ni mambo mawili yanayoweza kumletea mgonjwa wake maumivu makali, na hata anayebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kuugua anastahili ushauri kabla ya kupanda mita 3,000. Kama mtoto hajawahi kupimwa, mpime. Mwenye pumu naye amwone daktari na asafiri na dawa yake mfukoni, si kwenye begi lililobaki hotelini.

Sisi tunaishi usawa wa bahari. Ukifika juu, siku ya kwanza ni ya kunywa maji na kutembea polepole. Usiweke darasa siku ya kuwasili. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikizidi, teremka.

Umri nao una maneno yake. Shule nyingi huchukua watoto wa skii kuanzia miaka mitatu au minne, lakini wa umri huo hucheza zaidi kuliko kujifunza. Ukiniuliza mimi, mwaka wa tano au wa sita ndio wa kutoa pesa bila majuto. Snoubodi ingoje miaka saba au minane. Miguu yote miwili imefungwa kwenye ubao mmoja, na mtoto mdogo hana nguvu za kuuinua ukingo wake.

Watu wazima watauliza: skii au snoubodi? Skii ni rahisi mwanzoni. Kufikia siku ya tatu wengi hushuka mteremko mpole bila kuanguka ovyo. Snoubodi hukutesa siku mbili kwa kuanguka makalio na viganja, kisha mambo hufunguka haraka. Anayechagua snoubodi akodi vikinga vya mkono, kwa sababu kifundo cha mkono ndicho huvunjika mara nyingi. Ukiwa na tineja anayeshinda kwenye ubao wa magurudumu, ameshachagua, usibishane naye.

Kikundi au mwalimu wa peke yenu

Hapa ndipo pesa zinapopotea au kuokolewa.

Darasa la kikundi kwa kawaida ni la nusu siku, siku tano au sita mfululizo, watu wa kiwango kimoja pamoja. Kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili, hilo ndilo bora. Ataona wenzake wakianguka na kuinuka, na atasahau kuwa anaogopa. Mwalimu atamwambia apige "pizza", yaani asogeze ncha za mbele za mbao karibu na kupanua za nyuma ili apunguze kasi, na mtoto ataona ni mchezo.

Mwalimu binafsi hulipwa kwa saa, na bei yake ukiitazama mara ya kwanza utafunga ukurasa. Fanya hesabu kwanza. Bei hiyo huwa ni ya mwalimu, si ya kichwa, na shule nyingi huruhusu watu wanne au zaidi kidogo kwa pamoja. Baba, mama na vijana wawili wakubwa, wote hawajawahi kuvaa skii, wakichukua saa mbili kila asubuhi kwa siku tatu, wanaweza kulipa kiasi kisichotofautiana sana na nafasi nne za kikundi za wiki nzima. Na watajifunza kwa kasi zaidi. Lakini usimchanganye mtoto wa miaka mitano na baba yake katika darasa moja. Mmoja atachoka, mwingine atachoshwa, na mwalimu atabaki katikati akitafuta pa kutazama.

Mpango ninaoupendekeza kwa familia ya kawaida: watoto kikundi cha asubuhi wiki nzima, wazazi mwalimu binafsi siku mbili za mwanzo kwa saa zilezile. Mchana mkutane mteremko mpole, watoto wawaonyeshe walichojifunza. Darasa la siku nzima kwa mtoto wa chini ya miaka saba ni la kumpa mzazi nafasi ya kupumzika, tusidanganyane. Mchana mtoto huwa ameshalegea.

Asubuhi ina faida nyingine. Madarasa mengi ya Alps ni saa tatu hadi saa sita, na mengine saa nane hadi saa kumi. Siku za Desemba ni fupi na jua huzama kabla ya saa kumi na moja katika maeneo mengi, kwa hiyo adhuhuri na alasiri hukaribiana. Ukichukua darasa la asubuhi, sala zote mbili zinabaki nje ya darasa.

Mke kumfundisha mume, au kaka kumfundisha dada? Ndoa na udugu vina mitihani ya kutosha.

Maswali ya kuandika kwenye barua pepe

Usitegemee ukurasa wa mtandao peke yake. Waandikie, na namna wanavyojibu ni jibu tosha. Shule inayochukua wiki mbili kujibu Oktoba haitapokea simu Desemba.

- Mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi? Kwa watoto wa miaka mitano, sita ni wazuri, wanane wanavumilika, kumi na wawili ni wengi mno.
- Darasa litafundishwa kwa Kiingereza, au kwa lugha tatu kwa pamoja? Mwalimu wa Kiswahili hutampata, lakini usikubali mtoto wako awe yeye pekee asiyeelewa.
- Waalimu wana leseni ya nchi hiyo? Ufaransa ina shule maarufu ya ESF, waalimu wake wakivaa nyekundu, na hata shule nyingine za huko lazima waalimu wake wawe na cheti kinachotambuliwa na serikali. Muhuri wa ISIA, chama cha kimataifa cha waalimu wa skii, kwenye cheti ni dalili njema popote. Anayekufuata kwenye mitandao ya kijamii na bei ya nusu, bila jina la shule, mwache.
- Mwalimu ni yuleyule wiki nzima? Mtoto akibadilishiwa mwalimu kila siku, anaanza upya kila siku.
- Tiketi ya lifti, ile mitambo ya kuwapandisha watu mlimani, inahitajika siku ya kwanza? Vituo vingi vina mkanda wa kubeba wanaoanza ambao ni bure au wa bei ndogo, na vingi vya Ufaransa huwapandisha bure watoto wa chini ya miaka mitano. Usinunue tiketi ya mlima mzima kwa mtu atakayeshinda chini.
- Tukikosa viza, au mlima ukifungwa, pesa zinarudi?

Mama au binti anayetaka mwalimu wa kike aombe wakati wa kubuku. Ni ombi la kawaida kwa darasa binafsi na halihitaji maelezo. Siku ya darasa yenyewe, uwezekano ni mdogo.

Mpangilio wa kulipa

Fuata mfuatano huu, hasa kwa Ulaya. Kwanza shika nafasi ya darasa inayoweza kufutwa, au lipa dipoziti ndogo tu. Halafu malazi yanayofutika, karibu na mahali pa kukutania darasa. Dakika kumi za kutembea na viatu vya skii, huku umebeba mbao za watoto wawili, ni adhabu. Kisha viza. Ndege na salio la darasa huja baada ya viza kutoka.

Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Usijaribu hizo 15. Angalia mapema kama utalazimika kupanda treni kwenda Nairobi kutoa alama za vidole, familia nzima. Bima ya viza hiyo lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000, na hapa wengi huteleza kabla hata ya kufika kwenye theluji: bima hiyo ya kawaida mara nyingi haihesabu michezo ya majira ya baridi. Omba nyongeza ya skii na snoubodi, isome, utafute maneno kuhusu uokoaji mlimani na helikopta. Ukienda Italia, unahitaji pia bima ya kumlipa mtu utakayemgonga. Ni sheria tangu 2022.

Mzazi mmoja akisafiri na watoto, abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mwenzake. Kwa Lesotho kupitia Afrika Kusini, beba cheti cha homa ya manjano, na chanjo iwe imefanywa angalau siku kumi kabla ya safari.

Shule nyingi hulipwa kwa kadi mtandaoni. Usiye na kadi ya benki inayokubalika nje unaweza kutumia kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay iliyoko ndani ya simu. Hakikisha kikomo chako kinatosha kabla ya kubonyeza, na hifadhi risiti kama picha, maana intaneti ya mlimani haina ahadi.

Vipimo na mavazi

Fomu ya kukodi vifaa itauliza urefu, uzito, umri, kiwango na kipimo cha mguu. Uzito uandike wa kweli. Mafundi huufuata kuweka vishikizo vinavyoachia kiatu unapoanguka; ukipunguza kilo kwa haya, vitaachia ovyo, na ukiziongeza, vitang'ang'ania na goti ndilo litakalolipa. Mguu hupimwa kwa sentimita: simama peku, kisigino kimegusa ukuta, pima hadi ncha ya kidole kirefu. Miguu iliyokulia kwenye ndara huwa mipana, basi waambie.

Mbao, viatu na helmeti vikodi huko huko. Koti, suruali zisizopitisha maji na glavu, pita Kongowea. Kwenye mitumba hutokea mavazi ya theluji yaliyo mazima kabisa, na muuzaji hufurahi kuyaondoa kwa sababu nani mwingine Mombasa atayataka? Helmeti ya mtumba usiguse, huwezi kuona kama imeshapigwa ndani. Soksi ni jozi moja, ndefu na nyembamba. Kuvaa jozi mbili huzuia damu na mguu hugandia humo humo.

Anayevaa hijabu avae ile nyembamba ya michezo, bila pini hata moja, chini ya helmeti, ncha ziingie ndani ya koti. Miwani ya theluji na losheni ya jua si anasa: theluji hurudisha mwanga mwingi usoni, na ngozi nyeusi nayo huungua.

Asubuhi ya darasa la kwanza

Vifaa vichukueni jioni iliyotangulia, wakati foleni imelala. Watoto wavae viatu wakiwa ndani, watembee navyo dakika tano, na anayelalamika kidole kimebanwa asikilizwe hapo hapo, abadilishiwe.

Fikeni mahali pa kukutania nusu saa kabla. Mtoto aende msalani kabla ya kuvaa suruali, si baada. Mfukoni mwake weka kipande cha chokoleti na karatasi yenye jina lake, jina la hoteli, na namba yako ya simu ikianza na +254, au namba ya huko kama umenunua laini. Mwambie mwalimu kwa sauti, hata kama uliandika kwenye fomu, kwamba mtoto hajawahi kuiona theluji na hali nyama ya nguruwe, kwa sababu madarasa mengine huwapa watoto vitafunio. Uliza utamchukulia wapi na saa ngapi, na nani anaruhusiwa kumchukua.

Kisha ondoka. Mzazi anayesimama pembeni akipiga picha ndiye humliza mtoto. Darasa likiisha muulize mwalimu kama kikundi hicho kinamfaa. Kuhamishwa juu au chini siku ya kwanza hufanyika bila malipo katika shule nyingi, na siku ya tatu huwa vigumu.